Albamu ya Pili Haina Sauti Yangu

Kama wiki iliyopita gazeti lilikupita, au uliazima la jirani ukakuta ukurasa wangu umeshafungiwa samaki, nakufupishia. Mimi ni Tavares Pettway, mtoto wa Prichard, hapo ubavuni mwa jiji la Mobile, Alabama. Mimi na Roderick Dubose, tuliyekua mtaa mmoja na kukaa benchi moja kanisani, ndio kundi la kuchana mistari ya rap liitwalo Udongo Mwekundu. Albamu ya kwanza tuliiuza wenyewe kutoka kwenye buti la gari, mpaka kampuni moja ya muziki ya Atlanta ikatuita.

Tangu hapo ni mkosi juu ya mkosi. Mchumba amerudi kwao Pensacola. Gari langu limegongwa likiwa limeegeshwa, tena na mchungaji. Nikaanguka jukwaani kule Montgomery, mguu ukavunjika, watu wakapiga makofi wakidhani ni sehemu ya onyesho. Mliniacha wiki jana kwenye kochi la shangazi, plasta imefika gotini, gongo kwapani.

Nilikuwa nimebakiwa na kitu kimoja tu duniani: albamu ya pili. Leo nawaambia jinsi nilivyopokonywa, mchana kweupe, watu wakitafuna karanga za kuchemsha.

Kwetu wimbo haupitishwi na mtu aliyekaa kwenye kiti cha studio. Kule kila kitu kinasikika kizuri, hata kikohozi. Wimbo hupitishwa na buti la gari. Unaweka kanda, unafungua buti, unarudi nyuma. Kibao cha namba za gari kikitetemeka, wazee wakaacha dhumna na kutikisa kichwa, kazi imeisha. Kisipotetemeka unarudi studio bila ubishi.

Na mwenye wimbo hasikilizi kazi iliyokamilika kabla ya siku hiyo. Ni nuksi. Albamu ya kwanza tulifanya hivyo na ikatubeba. Kwa hiyo Rod na Bwana Whitlow wa kampuni walipokwenda Atlanta kuimalizia, mimi nikiwa na plasta yangu, sikuomba kusikia hata mdundo mmoja. Nilijiona mtu wa kushika mila. Kumbe wenzangu walikuwa wananoa kisu.

Jumamosi ikafika. Mahali ni kwa Alphonse Bettis, pale anapooshea magari, mkabala na saluni ya akina mama. Jua linachoma hadi lami inanata. Mtaa mzima ulikuwepo.

Rod akaingia na lile Chevrolet lake la zambarau, taratibu, kama bwana harusi. Pembeni yake Whitlow, ndani ya suti ya hariri, jasho linamtiririka mpaka kwenye viatu.

"Oyaa, Tav!" Rod akanikumbatia. "Mguu vipi, mwanangu?"

"Mguu upo. Kanda iko wapi?"

"Punguza presha, kaka. Leo Alabama yote ni yetu."

Hakuniangalia machoni. Ningekuwa na akili ningeondoka pale pale.

Alphonse akafunga bomba la maji. "Haya, mashekhe wa besi, tusikilizisheni! Ikiwa mbaya nawamwagia maji ya sabuni wote wawili."

Rod akafungua buti. Spika zilikuwa kubwa kiasi kwamba tairi la akiba lilihamia kiti cha nyuma. Akabonyeza.

Besi ikaingia. Kibao cha namba kikalia. Wazee wa dhumna wakageuka. Mama mmoja akamshika mtoto wake kifua, akacheka. Nami nikatabasamu hadi taya ikauma, maana mdundo ule nilikaa nao mimi majira yote ya baridi.

Rod akachana ubeti wa kwanza. Safi. Nikanyanyua kidole kuwaonyesha watu: sasa sikilizeni, nakuja mimi.

Sikuja.

Alikuja Rod tena.

Nikajisemea labda wamepanga upya. Wimbo wa kwanza siyo wangu, sawa. Ukaingia wa pili, ule wa bibi yangu Ozella aliyenilea kwa kufua nguo za watu. Huo niliuandika siku ya kumzika, karatasi ikalowa. Ukaanza. Maneno yangu yote yamo, neno kwa neno. Mdomo ni wa Rod.

"Bibi yangu Ozella," anasema Rod ndani ya buti, kwa uchungu kabisa. Bibi yake yeye anaitwa Lucille, yuko hai, anakaa Selma, na hawasalimiani.

Alphonse akaniangalia. "Tav, mbona sikusikii? Au siku hizi unachania moyoni?"

Watu wakaangua kicheko. Nikasogea na gongo langu hadi kwa Rod.

"Sauti yangu iko wapi?"

"Tuongee baadaye."

"Nimekuuliza hapa, nijibu hapa. Sauti yangu iko wapi?"

"Kampuni inataka sauti moja, Tav. Siyo mimi. Lakini picha yako ipo kwenye kava. Mbele kabisa."

"Picha inachana?"

"Na jina lako lipo kwenye utunzi."

"Jina linachana, Rod?"

Whitlow akajifuta shingo. "Kijana, usilichukulie moyoni. Ni soko tu. Sauti yako ni nzito. Watu wa kule kaskazini wanashindwa kukuelewa."

"Wewe unanielewa?"

"Wakati mwingine."

"Basi nielewe na hili." Nikanyanyua gongo.

Nawaambia ukweli, nilitaka kumpasua. Nilimchukia kwa suti yake, na nilimchukia Rod zaidi, kwa sababu kikulacho ki nguoni mwako, na huyu nilimvaa mwenyewe tangu utotoni. Rod akanishika mkono. Nikamsukuma. Akanisukuma. Mtu wa mguu mmoja hasukumwi mara mbili. Nikakaa chini kwenye maji ya sabuni, pwaa.

"Haya, nilisema nani atamwagiwa?" Alphonse akapiga kelele. "Huyu kajimwagia mwenyewe!"

Hakuna aliyenisaidia kuinuka. Walikuwa wanacheka na kutikisa vichwa kwa wakati mmoja, maana kanda ilikuwa bado inacheza, na lazima niseme hata kama inaniuma: ilikuwa inacheza vizuri.

Ndipo ukaingia wimbo wa tatu.

Huu lazima niuelezee. Mama yake Rod, Mama Earline Dubose, ndiye anayeongoza kwaya kanisani kwetu. Kabla ya maombi huwa anaguna. Haimbi maneno, anaguna tu, kwa chini, kutoka tumboni, na kanisa zima linanyamaza. Siku ya kumuaga mumewe, baba yake Rod, aliguna mbele ya jeneza mpaka wabebaji wakashindwa kulinyanyua. Kanisa hurekodi kila ibada. Rod akaichukua kanda hiyo, akakata mguno wa mama yake, akautandika chini ya wimbo wetu mchafu kuliko zote.

Nilipousikia studio kwa mara ya kwanza, kabla mguu haujavunjika, nilimwambia: "Muulize mama yako kwanza." Akasema atamuuliza. Nikamwambia bila ruhusa yake mimi simo. Akasema, "Sawa, hutakuwemo." Nilidhani ni hasira za siku moja.

Sasa mguno ule ukatoka kwenye buti la Chevrolet ukajaza barabara. Juu yake, Rod anaporomosha matusi. Sitayarudia hapa, mhariri wangu ana mabinti. Wazee wa dhumna wakavua kofia bila kujua kwa nini. Halafu wakasikia maneno, wakazivaa tena haraka.

Mlango wa saluni ukafunguka.

Jumamosi, enyi ndugu. Jumamosi wanawake wote wa kanisa letu wako saluni wananyoosha nywele za Jumapili. Mtoto yeyote wa Prichard analijua hilo. Rod akachagua kupiga wimbo ule, Jumamosi, kwa Alphonse, ng'ambo ya kiti anachokalia mama yake tangu sisi tuko chekechea. Hasira za kuniumbua mimi zilimsahaulisha siku.

Mama Earline akavuka barabara. Shuka la saluni shingoni. Nusu ya kichwa imenyooka na kung'aa, nusu imesimama wima. Magari yakasimama yenyewe.

"Zima," akasema.

Rod akazima. 

"Ule ni mimi?"

Rod akajifanya anarekebisha waya wa spika.

"Nauliza kwa upole. Nani amenitia humo?"

 Rod, mwanamume mzima, mwenye ndevu, mwenye mkufu wa dhahabu, akaninyooshea kidole nikiwa chini kwenye povu.

"Tav, mama. Tav ndiye aliyeleta ile kanda."

 Mama Earline akanigeukia. Yule mama alinilisha. Alipokuwa anapika bamia na kamba, sahani yangu ilikuwa inapakuliwa hata nisipokuwepo.

"Tavares. Nilikuwa namlilia mume wangu. Ukanichukua kilio changu ukakifanya hivi?"

"Si kweli, mama!"

"Mwongo huyo!" Rod akadakia. "Hata maneno ni yake. Mwulize kama siyo yake!"

Na hapo alinibana. Maneno yalikuwa yangu kweli. Niliyaandika kwa mdundo mwingine, kabla hajauleta huo mguno.

Nilikuwa na ushahidi mmoja tu wa kujiokoa, na ushahidi wenyewe ni aibu yangu.

"Mama," nikasema, nikijishikilia kwenye bampa kuinuka, "mwambie apige kanda yote, mbele na nyuma. Ukisikia sauti yangu hata mara moja, nipige na hili gongo. Wamenitoa. Mimi simo kwenye albamu yangu mwenyewe. Nilimwambia akuombe ruhusa, akanifuta."

Mtaa mzima ulinisikia nikijitangazia kufukuzwa kwangu. Alphonse mwenyewe hakupata utani wa kusema.

"Piga," akasema Mama Earline.

"Mama, kuna maneno humo..."

"Roderick. Piga."

Akasikiliza, mikono kifuani. Kila tusi lililopita alimtazama mwanawe, na kila alipomtazama Rod alifupika. Mguno ukaisha. Sauti ilikuwa moja tangu mwanzo hadi mwisho. Njia ya mwongo ni fupi, na ya Rod haikufika hata kwenye kona.

Whitlow naye akaamua kusaidia. Shetani akikosa kazi huvaa suti.

"Samahani, mama, naona kuna kutoelewana. Sauti ya marehemu ilitumika kwa nia njema kabisa."

"Marehemu gani?"

"Huyo mwimbaji. Bwana Dubose alitusainia kwamba mwimbaji alishafariki, na yeye ndiye mrithi."

 Hata bomba la Alphonse liliacha kuvuja.

"Umeniua, Roderick?"

"Mama, ilikuwa karatasi tu..."

"Umenizika na hukuniletea hata ua?"

Rod akaanza kulia. Mimi nilifurahi. Nasema wazi, nilifurahi mpaka masikioni. Nikasimama wima kwa mara ya kwanza siku hiyo.

Mama Earline akamwacha Rod akilia, akamgeukia Whitlow. "Bila sauti yangu, hii albamu inatoka?"

Whitlow akapima maneno. "Huo ndio wimbo unaoibeba. Bila huo, wakubwa wangu wataitupa kabatini."

"Vizuri. Mimi naruhusu." Watu wakaguna. "Naruhusu, lakini mwanangu atoke. Kila mahali alipo, mfute. Muweke Tavares. Awe peke yake." Akaja karibu yangu, karibu kabisa, nikasikia harufu ya mafuta ya nywele. "Tavares, mwanangu. Albamu yote yako. Ndugu yako atupwe nje kama alivyokutupa. Unakubali..."

"Ndiyo, mama."

Hakuwa amemaliza kuuliza.

 Akacheka kidogo, kicheko kibaya kisichoonyesha meno.

"Nilitaka kujua kama kwenye hilo benchi langu la kanisani nililea walau mtu mmoja," akasema. "Kumbe hakuna. Huyu kamuua mama yake kwa ajili ya kanda. Wewe umemzika ndugu yako kabla sijafika mwisho wa swali."

"Mama, yeye ndiye aliyeanza!"

"Na wewe ukamaliza. Nyamaza."

  Hasira ilikuwepo, na haki ilikuwa yangu, lakini haki yenyewe ilikuwa imeshachacha mdomoni.

"Bwana Suti," akasema, "njoo hapa. Nakupa masharti. Mguno wangu unabaki. Ngoma inabaki. Marehemu mume wangu alipiga gitaa la besi kwenye kanisa lile mpaka vioo vikalia, asingekasirika kwa ngoma. Hawa wawili watoke. Wote. Sitaki kusikia hata wakipumua."

"Mama!" tukasema mimi na Rod kwa pamoja. Ilikuwa mara ya kwanza siku hiyo Udongo Mwekundu kusikika pamoja.

Nikamgeukia Whitlow nikingoja acheke. Kampuni nzima ya Atlanta, wavuta sigara kubwa, waje watoe albamu ya kwanza duniani ya kuchana isiyo na wachanaji? Nilijua atacheka. Nilikuwa nasubiri kicheko chake nicheke naye.

Whitlow hakucheka. Alivua miwani ya jua. Akachungulia buti, akamchungulia Mama Earline, akachungulia wale wazee wa dhumna waliokuwa wameshika kofia mikononi.

"Mama," akasema taratibu, "huo mguno... unayo mingine?"

"Ninayo tangu hawa hawajaota meno."

"Tunaweza kuzungumza?"

"Nina nusu kichwa, baba. Nikimaliza nywele. Nibebee mkoba."

Na yule bwana, aliyeniambia sauti yangu ni nzito, akabeba mkoba wa kike wa ngozi ya kijani akavuka barabara nyuma ya Mama Earline, akashikilia mlango wa saluni, wakaingia. Mlango ukafungwa.

Tukabaki mimi na Rod, buti wazi.

"Umeridhika?" akaniuliza, makamasi yanamtoka.

"Mimi? Wewe umemwua mama yako kwa kalamu!"

"Na wewe ulikubali hata kabla hajamaliza! Ningekuwa mimi ningefikiri kidogo!"

"Wewe ulifikiri miezi, Rod. Ulimkariri bibi yangu!"

"Nyie," Alphonse akasema, akifungua tena bomba, "hebu rudisheni pale mama anapoanza. Na mshushe sauti zenu kidogo, mnatuharibia."

Kelele za watu zikamwunga mkono. "Rudisha! Rudisha pale mama!" Rod, mwenye gari, mwenye kanda, mwenye sauti ya albamu nzima, akainama akairudisha. Mguno ukapanda. Hakuna aliyetutazama. Mama mmoja alinisukuma pembeni kwa kiwiko, kwa heshima, ili asikie vizuri.

Tukasogea wote wawili mpaka kando ya kibao cha namba, bega kwa bega, kwa sababu hapakuwa na nafasi nyingine ya kusimama. Tukaangalia dirisha la saluni. Kitana cha moto kilikuwa kinapanda na kushuka. Whitlow alikuwa amekaa kwenye kiti cha kukaushia nywele, anaongea huku akirusha mikono. Mama Earline anatikisa kichwa: hapana. Anaongea tena. Hapana. Anaongea tena.

Kisha tukamwona Mama Earline anatikisa kichwa juu na chini: ndiyo.

"Kakubali nini?" Rod akanong'ona.

"Sijui."

"Tav, ikiwa atamtaka mmoja wetu..."

"Usimalizie."

Mlango ukafunguka. Whitlow akatoka peke yake, koti mkononi, akasimama ukingoni mwa barabara ng'ambo ile. Lori likapita. Lilipokwisha kupita alikuwa ameshanyoosha kidole kuelekea kwetu, pale tulipobanana.

"Wewe!" akapaza sauti. "Mama anakuhitaji. Mmoja tu."

Sote wawili tukapiga hatua.